Bi Sikujua wa Saa Sita Mchana

1

Winfrida alifika kwangu siku ya themanini na sita. Mimi sikuwa nahesabu siku. Yeye ndiye aliyekuwa anahesabu.

Nilikuwa kibarazani nachambua choroko. Alipiga hodi getini, akanyamaza, akapiga tena, akanyamaza, hadi nikamwambia asukume tu, geti lile halijawahi kuwa na komeo. Akaingia mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mrefu, amevaa ovaroli ya bluu ya mafundi wa mitambo ya upepo. Kabla hajakanyaga kibaraza alivua mabuti yake mazito akayaweka pembeni, visigino vikigusana. Nikaliona hilo. Macho yake yalikuwa mekundu ya mtu ambaye bado hajalala.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapo, mkeka ni safi."

"Wewe ndiye Bibi Elinata wa Foleni ya Kisimani?"

Nilicheka kidogo. Jina hilo sijalisikia likitajwa tangu tulipomzika Festo. "Ndiye. Au ndiye niliyekuwa."

"Bi Sikujua mmempeleka wapi?"

Aliuliza kama mtu anayemtafuta ndugu yake hospitalini, wodi baada ya wodi.

Foleni ya Kisimani ulikuwa mchezo wa simu. Mimi na mwenzangu wa kazi, Festo, tuliutengeneza miaka arobaini na miwili iliyopita, katika chumba cha nyuma ya duka la steshenari hapa hapa Singida. Mchezaji anahamia kijiji kisichomjua. Anapewa ndoo. Anaiweka kwenye foleni ya kisima, na wakati ndoo inamshikia nafasi, yeye anazunguka kuongea na watu: huyu anamsaidia kufunga mzigo, yule anamsomea barua. Ukifika mwisho wa mwaka, kama amewatendea watu vizuri, wanamsogezea ndoo yake hata asipokuwepo. Basi. Hakuna adui wala bunduki. Tuliambiwa hautachezwa, ukachezwa hadi Lubumbashi.

"Hajaenda popote," nilimwambia. "Yuko kisimani saa kumi na mbili asubuhi, mahali pake."

"Huyo si yeye, bibi."

Akafungua kiganja, akairudisha saa ya simu nyuma hadi saa kumi na mbili asubuhi. Simu za sasa ni utando tu, wanaubandika kwenye ngozi kama plasta. Kijiji chetu kikasimama juu ya mkono wake, kizuri kuliko tulivyokichora sisi. Majani yalitikisika kwa upepo. Wanawake walisimama kisimani wakicheka kwa sauti, nasi tulikuwa tumewapa maandishi meupe tu. Bi Sikujua alikuwa wa tisa kwenye foleni, kanga yake ya njano imepigwa pasi. "Umeamkaje, mwanangu?" akasema, kwa sauti tamu ya mtangazaji wa redio. Aliyekuwa nyuma yake naye akauliza vilevile, na aliyefuata pia.

Winfrida akafunga kiganja.

"Mimi nafanya zamu ya usiku kule kwenye mitambo. Mwaka wa tisa huu. Natoka asubuhi, nalala, naamka saa sita mchana. Nikiamka wapangaji wote wameshatoka. Nikienda dukani naambiwa, 'Leo umelala wewe, eeh?' Mtu anayeamka saa sita haulizwi ameamkaje, bibi. Anaulizwa kwa nini amelala."

"Na Bi Sikujua je?"

"Saa ya mchezo inafuata saa ya simu, si ndiyo? Basi saa sita kijiji chote kiko ndani kwa sababu ya jua. Kisimani hakuna mtu, yuko yeye peke yake. Nikifika ananiuliza, 'Umeamkaje, mwanangu?' Saa sita, bibi, jua liko utosini. Halafu ananiambia, 'Maji bado yapo.'" Alitazama miguu yake. "Mimi nilidhani mlituwaza sisi."

Hapo nikauweka ungo chini.

Hatukumuwaza mtu. Bi Sikujua lilikuwa kosa langu. Festo aliandika ratiba za wanakijiji wote kwa saa za mashine, zinazoanza kuhesabiwa usiku wa manane. Siku moja alikwenda msibani, nikabaki mimi kumaliza mhusika mmoja, kibibi wa kuwahi kisimani. Nilitaka afike saa kumi na mbili asubuhi. Nikaandika kumi na mbili. Mama yangu alinifundisha saa kwa kunionyesha jua, na kwangu kumi na mbili ni kumi na mbili, jua linachomoza. Kwa mashine, kumi na mbili ni saa sita mchana. Kwa hiyo kibibi wangu, ambaye maneno yake yote yalikuwa ya alfajiri, akawa anatoka kuchota maji watu wengine wamejifungia ndani.

Mchezo ulipotoka watu walicheka. Waliandika kwamba watengenezaji wa Singida hawajui saa. Festo akawajibu mbele ya watu wote: "Kosa ni langu, niliandika ratiba nikiwa na usingizi." Mimi nilikuwa nimekaa meza ya pili. Sikusema kitu. Sikusema siku hiyo, wala miaka iliyofuata, wala kaburini kwake.

"Uko na wenzako?" nilimuuliza Winfrida.

"Tuna kundi. Manesi, walinzi, waoka mikate. Yuko dada mmoja wa Kigoma anamuuguza mama yake usiku kucha. Tunajiita Wana wa Saa Sita." Akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Jina la kijinga, najua."

"Si la kijinga."

"Bibi, zimebaki siku nne tu. Sikuja kukulaumu."

Alijua, basi. Aliijua ile fomu niliyoijaza.

Michezo yote iko Ghala, ndiko inakonunuliwa na ndiko inakokaa. Tangu miaka ya mgao mkubwa wa umeme, sheria inasema kila kazi ihifadhiwe kwa toleo moja. Wakaweka mtambo wanaouita Mnyooshaji. Unapita kwenye kazi za zamani, unaziwezesha kufunguka kwenye simu za sasa, na penye kosa unanyoosha. Toleo jipya likishatoka, simu zote zinalivuta zenyewe, hata uzikatalie. La asili linawekwa pembeni siku tisini, kisha linafutwa. Lakini kwanza Mnyooshaji anamuuliza mtengenezaji, kama yu hai. Mimi ndiye niliyebaki.

Fomu yake iliniletea vipengele mia mbili na kumi na viwili. Mbele ya kila kimoja kulikuwa na swali lile lile: kosa au kusudi? Mlango usiofunguka, kosa. Mbuzi anayepita ukutani, kosa. Nilikuwa nimeinjika maharage, naenda jikoni narudi. Nilipofika kipengele cha mia na arobaini, mhusika Sikujua, saa isiyolingana na maneno, sikufikiri hata kidogo. Nilibonyeza kosa kwa furaha. Niliona kama nimepata sabuni ya kuondoa doa la miaka yote ile kabla sijafa.

"Ukienda ofisi ya Ghala ukaapa kwamba ilikuwa kusudi," Winfrida alisema, "wanalazimika kubakiza toleo la asili. Nimesoma sheria yote."

"Na kama haikuwa kusudi?"

Alivuta ungo karibu yake, akaanza kuchambua choroko upande wa pili.

"Yule mwenzako," akasema mwishowe, "hakuacha watu? Labda alisema neno."

"Mkewe yuko Manyoni."

"Tumwulize kwanza?"

"Tukitoka ofisini," nilisema haraka.

Niliogopa uso wa yule mama. Ningeanzaje kumwomba anisaidie kwa jambo ambalo mumewe alilibeba kwa ajili yangu, na sijawahi kumwambia?

2

Tulikwenda siku ya themanini na nane. Winfrida alitoka zamu moja kwa moja kuja kunichukua. Njia nzima alitembea upande wa jua ili kivuli chake kiniangukie mimi. Sidhani kama alijua kwamba nimegundua.

Ofisa aliitwa Bi Leokadia, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba. Aliniona nimekaa kwenye kiti kisicho na mgongo, akainuka akanipa chake. Winfrida alibaki kwenye benchi la nje, sheria inataka mwapaji awe peke yake na ofisa. Mezani kulikuwa na bamba la kioo lenye mwanga wa njano.

"Ukiweka mkono hapo, mama, jibu lako ndilo la mwisho. Halipimi kama unasema kweli au uongo. Linashika tu uliyosema." Akanisomea kiapo. Akaona sijakielewa vizuri, akakisoma tena polepole bila mimi kumwomba.

"Kipengele cha mia na arobaini," akasema. "Mhusika Sikujua. Anawaamkia watu saa sita mchana. Ulijibu kosa. Unataka kubadili?"

"Ni Bi Sikujua."

"Samahani. Bi Sikujua."

Niliweka mkono juu ya bamba. Lilikuwa na vuguvugu.

"Mama," Bi Leokadia alisema, "nimepokea barua mia sita kuhusu huyu bibi. Mmoja kaandika kwamba ndiye pekee anayemsalimia wiki nzima. Mimi sikuwepo mlipomtengeneza. Huu mtambo haukuwepo. Aliyekuwepo ni wewe." Halafu akageuka akatazama dirishani, na akaendelea kutazama.

Nilielewa kwamba amenifungulia mlango na amegeuza uso ili nipite bila aibu. Neno moja tu, kusudi, na kibibi wangu angerudi juani kwake.

Mlango huo ulikuwa na jina la Festo juu yake. Nilimwacha abebe lawama ya kosa langu maisha yake yote. Sasa kwa kuwa kosa limepata watu wa kulipenda, niseme nililikusudia? Nimwache yeye na kicheko, mimi nichukue shukrani? Wajukuu zangu nimewafundisha wakosapo waseme wamekosa. Nilitaka, walau mara moja, kusema mbele ya mtu mwenye kalamu neno nililopaswa kulisema kwenye meza ile ya pili.

"Nilikosea saa," nikasema. "Niliandika saa zetu, mashine ikasoma saa zake. Kosa lilikuwa langu. Halikuwa la Festo. Tafadhali andika hivyo, halikuwa la Festo."

Bi Leokadia aligeuka. "Bado sijaandika, mama. Kalamu iko juu."

"Andika, mwanangu."

Akaandika. Mwanga wa njano ukawa mweupe, kisha ukazima.

"Zile siku mbili zilizobaki?" niliuliza.

"Kiapo kikishaingia hakuna tena cha kusubiri." Alivua miwani akaifuta kwa kitambo kirefu, wala haikuwa na vumbi. "Limeshafutwa."

Winfrida alinitazama usoni nilipotoka, akajua. Nilijiandaa agombe. Alichukua mkoba wangu akauning'iniza begani kwake.

"Umesema kweli, bibi."

"Nimesema kweli."

"Basi," akasema. "Twende, jua linazidi."

Nitalikiri jambo moja, maana bila hilo mengine hayana maana. Njiani nilijisikia mwepesi. Nilikuwa nimewapokonya watu wasiojulikana idadi salamu yao, nami nikatembea nikijiona safi.

3

Siku ya tatu yake nilipanda treni kwenda Manyoni. Nilimchukulia Mama Tumsifu, mke wa Festo, chupa mbili za mafuta ya alizeti. Nilikuwa na neno la kumpelekea, nilidhani ni zawadi kubwa kuliko mafuta.

Amezeeka kuliko mimi, lakini anachuma mchicha wake mwenyewe. Aliponiona aliacha kila kitu, akanishika mikono yote miwili, akaniuliza habari za kila mjukuu kwa jina. Hakumsahau hata mmoja. Tulipomaliza kula nikamweleza yote: saa niliyoikosea, Festo alivyojitwisha, nilivyonyamaza, na kiapo.

"Nimelisafisha jina lake," nikasema. "Nimechelewa, lakini nimelisafisha."

Mama Tumsifu alicheka, si kwa ubaya. "Kwani lilichafuka lini, wifi yangu?"

"Walimcheka."

"Walimcheka, naye akacheka. Ulitaka aanguke kitandani augue? Kosa lako alilijua kabla mchezo haujatoka."

"Alilijua?" nikauliza.

"Hukujua?" Uso wake ukabadilika. "Elinata, kwani hakukwambia?"

Akaingia ndani. Nilisikia droo ikivutwa, ikakwama, ikavutwa tena. Akarudi na kaunta buku la zamani, jalada limebanduka, limeshikwa kwa mpira. Festo aliandika kila siku ya kazi mle ndani, kwa mwandiko wake wa kulala upande. Alinifungulia ukurasa akaniachia nisome mwenyewe. Tarehe ilikuwa ya wiki tatu kabla ya mchezo kutoka.

"Leo sikwenda kazini. Homa. Nimeamka saa sita, nyumba kimya, mke yuko shambani. Nikafungua mchezo ili niujaribu. Kisimani nikamkuta Bi Sikujua peke yake. Elinata kachanganya saa. Nilitaka kumrudisha asubuhi na wenzake, lakini aliniuliza nimeamkaje. Leo nzima hakuna mwingine aliyeniuliza. Wako watu wanaamka saa hizi. Namwacha hapo hapo. Elinata nisimwambie, atamnyoosha."

Nilisoma mstari wa mwisho mara nyingi. Aliandika neno hilo hilo, atamnyoosha, miaka mingi kabla mtu hajautengeneza mtambo wa jina hilo.

"Alikuwa anasema wewe huwezi kupita penye kitu kilichopinda," Mama Tumsifu alisema taratibu. "Alisema kwa kukupenda."

Kwa hiyo ilikuwa kusudi. Haikuwa kusudi langu, lakini lilikuwa la mmoja wetu wawili, na sheria haikutaka zaidi ya hapo. Ningekuja Manyoni kwanza, kama Winfrida alivyoniomba tukiwa na ungo katikati yetu, ningeweka mkono kwenye bamba nikasema kusudi, na lingekuwa neno la kweli kuliko nililolisema. Nilikimbilia kusema kosa langu kwa kuogopa kumtazama mwanamke huyu usoni, na huyu hapa alikuwa ananimiminia chai.

Nilimpigia Bi Leokadia pale pale. Nilimsomea ukurasa wote.

"Ungekuja nao juzi, mama," akasema. Kisha: "Uniletee hata hivyo. Nitauweka kwenye jalada la mchezo. Hautarudisha kitu, ila atakayefungua baadaye ajue kwamba bibi huyo alikuwepo, na kwamba kuna mtu alimwacha makusudi."

4

Winfrida nilimwambia ana kwa ana. Nilimpa kaunta buku alisome. Alipofika kwenye "wako watu wanaamka saa hizi" alifunika ukurasa kwa kiganja, kile chenye utando.

"Kumbe alituwaza," akasema.

"Alikuwaza."

Hakusema lolote kuhusu Manyoni, na kwamba yeye ndiye aliyetaka twende kwanza. Nilimsubiri aseme. Hadi leo hajasema.

Namba yake nimeiandika ukutani jikoni kwa makaa, maana macho yangu hayapatani na herufi ndogo. Saa sita kasorobo naipua chochote nilichoinjika. Naketi kibarazani nione kivuli cha nguzo kinavyofupika. Kikifika mguuni pa nguzo napiga. Mara nyingi anapokea sauti ikiwa bado imejaa usingizi.

Si sawa na yule. Bi Sikujua alikuwa anasimama juani kwa kila aliyefika, awe Kigoma au Lubumbashi, hata wakiwa elfu kwa dakika moja, na hakumjua hata mmoja wao. Mimi nina mdomo mmoja. Yule dada wa Kigoma nampigia Winfrida akishakata, na baada yake mlinzi mmoja wa Nzega, na hapo saa saba inakuwa imefika na wengine wote wameshaamka bila neno. Majina yao ninayo, Winfrida aliniletea. Karatasi ni ndefu, na huwa naisoma jioni kama watu wasomavyo majina ya marehemu.

Jana Winfrida alichelewa kupokea. Ikaita, ikaita, nikaanza kuogopa ile mitambo mirefu na ngazi zake.

"Bibi," akasema mwishowe. "Leo nimelala sana."

Nilikuwa na mengi ya kumwambia, karibu yote yalikuwa ya kuomba radhi, na hayo ameshanikataza. Nje njia ilikuwa tupu kwa jua.

"Umeamkaje, mwanangu?" nikamuuliza.

Akajibu polepole, kama anayeitafuta ndoo yake.

"Nimeamka salama."

"Haya. Maji bado yapo."